Unajenga Ujerumani na umeambiwa serikali italipia nyumba janja? Usisaini kwanza

Swali limetoka kwa dada mmoja, nesi, anaishi karibu na Hannover. Nimelifupisha hivi:

"Tumenunua kiwanja, ndo nyumba yetu ya kwanza. Mume wangu Mjerumani, watoto wawili, wa miaka 4 na 9, na mama mkwe atahamia kwetu chumba cha chini, anatembea na kigari cha kusukuma na ana Pflegegrad 2 (daraja rasmi la mtu anayehitaji uangalizi). Kampuni ya nyumba imetuletea paketi ya nyumba janja ya yuro 14,000: mapazia ya nje yanayojishusha, taa, joto la kila chumba, kamera, mlango unaofunguka kwa simu. Muuzaji anasema serikali inarudisha asilimia 20. Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Ni kweli? Na maombi napeleka wapi?"

Dada hongera kwa kiwanja, najua kukipata tu kumewatoa jasho. Nikujibu moja kwa moja: hiyo asilimia 20 ipo, muuzaji hakuitunga, ila sio yako. Ni ya nyumba kuukuu.

Yeye anazungumzia ruzuku ya BAFA, ile ofisi ya serikali kuu inayoshughulika na ukarabati wa kuokoa nishati. Pale kweli kuna kipengele kinaitwa Efficiency Smart Home, yani vifaa vya kidijitali vinavyopunguza matumizi ya joto na umeme, na wanarudisha asilimia 15 ya gharama, halafu zinaongezeka 5 ukiwa na ule mpango wa ukarabati wa hatua kwa hatua unaoandikwa na mshauri wa nishati (iSFP), ndo 20 inapopatikana. Sasa sharti la kwanza kabisa, ambalo watu wanaliruka, ni kwamba maombi ya kibali cha ujenzi wa nyumba hiyo yawe yameshapelekwa angalau miaka 5 nyuma. Nyumba yako bado ni majani na vijiti vya mpimaji. Kwa hiyo huko usipoteze muda, mtarudi baada ya miaka 5 mkitaka kuongeza vitu, na wakati huo programu ikiwa bado ipo mtaomba kama watu wengine.

Ila ngoja, usikate tamaa, maana kuna pesa kubwa kuliko hiyo na inaonekana hakuna aliyekuambia vizuri.

Kwanza ujue hawa watu wanavyofikiri. Serikali ya Ujerumani hailipii ujanja wa nyumba. Inalipia nyumba inayokula nishati kidogo, na inalipia mtu anayehitaji msaada aweze kuendelea kuishi nyumbani badala ya kupelekwa kituo cha wazee. Basi. Kila kitu kwenye ile paketi ya 14,000 kipitishe kwenye milango hiyo miwili uone kama kinapita. Kamera haipiti popote. Spika ya kuongea nayo jikoni haipiti. Televisheni, tableti, simu, hata BAFA wenyewe wamezitoa kwenye orodha yao. Joto la kila chumba linapita mlango wa nishati, lakini hapo nina neno: sheria ya majengo ya hapa (GEG) inataka tayari kila chumba kiwe na kidhibiti joto chake kinachofanya kazi chenyewe, kwa hiyo nyumba yako ingekuwa nacho hata usingenunua paketi yoyote. Muulize muuzaji, kwa upole tu, kwenye hiyo bei ni kipi anachokuuzia ambacho hakikuwemo tayari kwenye nyumba ya kawaida. Nina hamu ya kusikia atajibu nini.

Haya, pesa kubwa iko KfW. Hii ni benki ya serikali, makao yake Frankfurt, ilianzishwa 1948 kwa ajili ya kuijenga nchi upya baada ya vita. Wewe hutaenda kwao, huna dirisha pale. Unaomba kupitia benki yako ya kawaida au dalali wa mikopo, wao ndo wanapeleka.

Kwa nyumba mpya kuna programu inaitwa Klimafreundlicher Neubau, ilianza tarehe 1 Machi 2023, namba yake 297 kwa mwenye kuishi mwenyewe. Sio ruzuku ya kupewa mkononi, ni mkopo wa riba nafuu, hadi yuro 100,000 kwa nyumba moja, na 150,000 ikiwa nyumba itapata na cheti cha uendelevu (QNG). Masharti ni haya: nyumba ifike kiwango cha Effizienzhaus 40, maana yake nishati inayohitaji isizidi asilimia 40 ya nyumba ya mfano iliyowekwa kisheria, isipashwe joto kwa gesi wala mafuta wala kuni na pellet, na ipigwe hesabu ya hewa chafu ya maisha yote ya jengo, kuanzia saruji mpaka siku ya kubomolewa. Kwa lugha ya saiti, kuta nene, madirisha ya vioo vitatu na pampu ya joto.

Sasa sikiliza hapa maana ndo kiini cha swali lako. Watu wananiuliza kila siku, "je vifaa vya nyumba janja vinahesabiwa kwenye mkopo wa KfW?" Vinahesabiwa vile vilivyofungwa kwenye jengo kama sehemu ya mitambo yake, sawasawa na nyaya na mabomba. Lakini kwako wewe jibu hilo halibadilishi hata senti! Dari la mkopo ni 100,000. Kuta zako, paa lako na madirisha yako peke yake yameshaijaza hiyo laki kabla fundi umeme hajashuka kwenye gari. Uweke paketi ya 14,000 au usiweke, mkopo unabaki uleule. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "chukua, KfW inafadhili", kiufundi hajadanganya, ila pesa hiyo ungeipata hata bila yeye.

Na nyie mna watoto wawili, kwa hiyo kabla ya 297 angalieni namba 300, Wohneigentum für Familien. Hii nadhani ndo yenu. Inataka muwe na angalau mtoto mmoja wa chini ya miaka 18 anayeishi nanyi, nyumba mkae wenyewe, msiwe tayari na nyumba ya kuishi hapa Ujerumani, na mapato ya kaya yasizidi yuro 90,000 kwa mwaka kwa mtoto wa kwanza, ongeza 10,000 kwa kila mtoto anayefuata, kwenu inakuja 100,000. Usishtuke ukajumlisha mishahara yenu ukaona mmepita, kinachoangaliwa ni mapato yanayotozwa kodi, ile namba iliyoko kwenye barua ya ofisi ya kodi (Steuerbescheid) baada ya makato yote, na wanachukua wastani wa mwaka wa pili na wa tatu kabla ya mwaka wa kuomba. Mkiomba 2026 wanaangalia 2023 na 2024. Nawajua manesi waliokuwa wanafanya shifti nusu kwa sababu ya mtoto mchanga miaka hiyo, wakaingia vizuri kabisa ingawa leo mshahara umepanda.

Kwa mtoto mmoja au wawili mkopo unafika 170,000, ukiwa na cheti cha QNG 220,000. Masharti ya nyumba ni yaleyale ya 297, na huwezi kuchukua zote mbili, unachagua moja.

Tufanye hesabu ya kijiweni. Riba ya KfW inabadilika, kwa hiyo nachukua mfano tu: tuseme iko chini ya riba ya benki kwa pointi moja na nusu. Kwenye 170,000 hiyo ni yuro 2,550 mwaka wa kwanza. Ile ruzuku unayoifukuza, asilimia 20 ya 14,000, ni 2,800, mara moja basi. Umeona? Mwaka mmoja wa riba nafuu unakaribia kuimeza ruzuku yote, na mwakani nafuu inakuja tena, inapungua kidogo tu kadri deni linavyopungua. Ndo maana nasema nguvu zenu zipelekeni kwenye kuifikisha nyumba kiwango cha 40, sio kwenye swichi za kuongea nazo.

Halafu sasa lile la kusaini.

Maombi yanatangulia, mikataba inafuata. Ukishasaini mkataba wa ujenzi au wa kuletewa vifaa kabla maombi hayajaingia, kwa macho yao umeshaanza kazi, na aliyeanza kazi haombi. Kununua kiwanja hakuhesabiki, kumlipa msanifu na mshauri akuchoree na akupigie hesabu hakuhesabiki, hapo msiogope. Kampuni ikiwasukuma msaini kwa sababu "bei hii mwisho Ijumaa", daini kiandikwe kifungu kwamba mkataba unaanza kufanya kazi pale tu mkopo wa KfW utakapokubaliwa, na mshauri wenu akisome hicho kifungu kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mimi nilishakuwa na mteja, baba wa watoto watatu, alinipigia akiwa na furaha kweli, kasaini Jumamosi kwenye maonyesho ya nyumba, wamempa na seti ya visu vya jikoni. Nikamuuliza maombi ya KfW yako wapi. Kimya. Visu anavyo mpaka leo, mkopo hakupata.

Na hizi pesa zina tabia ya kuisha ghafla. Tarehe 24 Januari 2022 KfW ilisimamisha kupokea maombi ya majengo ya kuokoa nishati asubuhi moja tu, watu wakabaki na makaratasi mkononi. Septemba 2023 walifungua ruzuku ya sola pamoja na betri na chaja ya gari, hadi yuro 10,200 kwa nyumba, fungu la milioni 300 likaisha ndani ya siku moja hivi. Kwa hiyo kitu kikiwa wazi leo usiseme tutaomba baada ya likizo. Siku mtakayopeleka maombi, fungueni tovuti ya KfW asubuhi hiyohiyo mhakikishe namba bado inapokea na viwango ni vilevile, usitegemee karatasi ya muuzaji iliyochapwa mwaka juzi.

Mtahitaji pia mshauri wa nishati aliyeko kwenye orodha rasmi ya serikali kuu (Energieeffizienz-Experten). Huyu ndo anaandika uthibitisho wa kuombea, na nyumba ikiisha anaandika mwingine kwamba kilichojengwa ndicho kilichoombewa. Bila yeye benki haipeleki chochote. Kampuni nyingi za nyumba wana wa kwao, ni halali, lakini mimi ningemtafuta wangu, maana wa kampuni anakula kwa kampuni.

Tuje kwa mama mkwe, mfikishie shikamoo yangu. Yeye ndo ule mlango wa pili, na hapa kuna pesa ya kupewa kweli. Mtu mwenye Pflegegrad, kuanzia ya 1, bima yake ya uangalizi (Pflegekasse) inatoa hadi yuro 4,180 kwa ajili ya kurekebisha makazi yamfae. Wanaangalia hali yake, sio umri wa nyumba, na kwenye nyumba mpya kinachozungumzwa ni ile gharama ya ziada inayoletwa na mahitaji yake: mlango mpana kigari kipite, bafu lisilo na kizingiti, mlango wa mbele wenye mota. Huo mlango unaofunguka wenyewe upo kwenye paketi yenu, si ndio? Utoeni kwenye paketi uandikwe mstari wake peke yake kwenye kotesheni, ukiwa na sababu yake, kwamba mgonjwa ameshika kigari kwa mikono miwili hawezi kusukuma mlango. Ukiuacha umefichwa ndani ya "smart home 14,000" afisa wa bima atakataa na mimi ningekuwa yeye ningekataa. Hii nayo inaombwa kabla ya kazi, barua kwanza. Wewe ni nesi, unajua kuandika hali ya mgonjwa kuliko mimi, iandike kama unavyoandika ripoti ya shifti.

Kuna na kile kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni au mkononi (Hausnotruf), Pflegekasse inachangia yuro 25.50 kwa mwezi, ambayo kwa kifurushi cha kawaida mara nyingi inatosha. Ukisikia muuzaji anataka kuwauzia sensa za kugundua mtu ameanguka kwa maelfu, anzeni na hicho kitufe kwanza. Mkopo wa KfW namba 159 wa kurekebisha nyumba kwa wazee, wa hadi 50,000, msihangaike nao, ni wa nyumba zilizopo.

Sola. Kama mnaweka paa la sola, na kwa nyumba ya pampu ya joto ni akili kuweka, tangu 1 Januari 2023 VAT yake ni sifuri badala ya asilimia 19, kwa mitambo ya nyumbani hadi kilowati 30. Betri imo. Na kitu ambacho hata mafundi wengine hawakijui, kile kifaa cha kusimamia nishati, kinachoamua sasa umeme wa juani uende kwenye pampu, sasa uende kwenye betri, nacho kimo kwenye hiyo sifuri kama ni sehemu ya mtambo wa sola. Hicho kwangu ndo ubongo halisi wa nyumba janja, vingine ni mapambo. Kwa hiyo kikae kwenye kotesheni ya fundi sola, sio ya paketi. Chaja ya gari haimo, pampu ya joto haimo, wasije wakakuchanganya.

Pampu ya joto na chaja zinazopita kilowati 4.2, zilizofungwa kuanzia 1 Januari 2024, lazima ziweze kupunguzwa nguvu na kampuni ya gridi pale laini ya mtaa inapozidiwa. Usiogope, hawazimi, wanashusha mpaka 4.2 kwa muda. Na kwa ajili hiyo mnapata punguzo kwenye ada ya gridi, njia rahisi ni ya mkupuo, kati ya yuro 110 na 190 hivi kwa mwaka kutegemea eneo. Watu wengi pesa hii hawaipati kwa sababu tu fundi hakuandikisha mtambo vizuri au hakuna aliyechagua moduli, yani aina ya punguzo. Mwambieni fundi wenu: paragrafu 14a ya sheria ya nishati, moduli ya 1 (ndo hiyo ya mkupuo), nionyeshe umeandikisha. Na tangu 2025 kila muuzaji umeme anatakiwa awe na bei inayobadilika kwa saa, mkiwa na mita janja, hapo ndo kufua nguo na kuchaji gari wakati umeme uko rahisi kunaleta maana.

Kodi nayo isisahaulike. Kazi za mafundi nyumbani zinapunguza kodi kwa asilimia 20 ya gharama ya ufundi, mpaka yuro 1,200 kwa mwaka, lakini sio kwa kazi za kuijenga nyumba yenyewe. Ni kwa nyumba mnayoishi tayari. Kwa hiyo vile vitu vya anasa, tuseme kamera ya mlangoni, mkivifunga mwaka mmoja baada ya kuhamia, ile sehemu ya ufundi inaingia kwenye ritani. Lipeni kwa benki, sio keshi, na invoisi itenganishe ufundi na vifaa.

Sasa mngekuwa ndugu zangu ningewaambia hivi kuhusu ile 14,000. Kinachouma kwenye nyumba sio kifaa, ni ukuta. Kifaa utabadilisha kila miaka michache, kampuni zinafunga seva zao na programu ya simu inakufa, nimeshafungua visanduku ukutani nikakuta vitu vizima kabisa ila havina tena wa kuongea naye. Lakini paipu ya waya iliyomo ukutani inakaa miaka 50. Kwa hiyo pesa wekeni kwenye paipu tupu kutoka chumba cha mitambo kwenda kila dirisha lenye pazia la nje, paipu moja nene kwenda darini kwa ajili ya sola, nyingine kwenda maegesho ya gari, waya wa mtandao kila chumba, visanduku vya swichi vyenye kina kirefu, na nutro (waya wa kurudishia umeme) ifike kwenye kila swichi, hii ya nutro isisitizeni maana mafundi wanaiacha kuokoa mita chache za waya halafu swichi janja nyingi hazifanyi kazi bila hiyo. Mapazia ya nje yawe ya mota tangu siku ya kwanza, ya upande wa kusini na magharibi hasa, kiangazi mtanikumbuka, nyumba yenye kuta nene ikishaingiza joto hailitoi. Kabati la umeme liwe na nafasi ya kutosha, hata robo ikibaki tupu. Mfumo gani? Kama mnataka wa waya, KNX, ule wa waya wa kijani, ni kiwango cha wazi na vifaa vya kampuni tofauti vinaelewana, ila bei yake inasimama. Kama hela inabana, wa mawimbi kwa taa na sensa unatosha, lakini usikubali mfumo ambao ukikata intaneti swichi ya choo haiwashi taa.

Hatua za wiki hii basi: mpigieni mshauri wa nishati, mtoe zile Steuerbescheid mbili, muombe benki mkutano wa namba 300, na mama mkwe apigie Pflegekasse yake aombe fomu. Muuzaji mwambieni mnafikiria. Wakati huohuo nitumie ule ukurasa wa umeme kwenye kotesheni, ficha majina na anwani, nikuwekee alama ya mistari ya kufuta. Na siku kuta zikiwa wazi, kabla ya plasta, zunguka kila chumba upige picha ukiwa umeweka futi ukutani ionekane paipu iko sentimita ngapi kutoka pembeni.